Fundi Mitambo wa Tamasha la Ghalani

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Moja Mbili, na hata mama mkwe wake, Mungu amrehemu, alimwita hivyo hivyo mpaka anaingia kaburini. Alikuwa fundi mitambo, mtu wa spika, nyaya na vipaza sauti, na fundi mitambo akishafunga vyombo vyake lazima avijaribu. Kuna mafundi wanaopuliza maiki, kuna wanaoigonga kwa kidole. Yeye aliona kupuliza ni kuitemea mate na kugonga ni kuipiga kofi. Basi aliisogelea taratibu, akasema kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, "Moja mbili. Moja mbili. Inasikika huko nyuma?" Watoto wakimwona anasukuma mkokoteni wake wa spika walimpigia kelele, "Moja mbili!" Naye, bila kugeuka, aliwajibu, "Inasikika!"

Alikuwa mfupi, mabega mapana, na vidole vyake vilikuwa na alama ndogo ndogo za kuungua kwa kulehemu. Ufundi aliupata kwa baba yake mdogo, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Huyo baba mdogo hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alichomwambia ni kimoja tu: redio ikikwaruza usiipige makofi, isikilize, itakwambia inaumwa wapi. Moja Mbili akayashika hayo, na pengine ndiyo sababu akawa mtu wa kusikiliza kuliko kusema. Ukikaa naye baraza moja ungedhani amenuna. Hakuwa amenuna. Alikuwa anasikiliza.

Shemeji yake alikutana naye kabla hajawa shemeji. Ilikuwa kwenye mahafali ya shule moja ya sekondari. Shemeji huyo, mwalimu wa lugha, alikuwa ametunga mchezo wa kuigiza, wazazi wamejaa ukumbini, na katikati ya mchezo kipaza sauti kikafa. Wanafunzi wakaendelea kuigiza kama samaki, midomo inacheza, sauti haitoki. Moja Mbili, aliyekuja kumsindikiza jirani tu, akainuka kutoka kiti cha nyuma, akaenda hadi jukwaani na kupiga magoti penye nyaya. Alitoa wembe mfukoni, akaumenya waya mmoja, akauunga, akaufunga kwa utepe. Sauti ikarudi. Mwalimu alimfuata nje mchezo ulipokwisha.

"Kijana," alimwambia, "mimi nina jambo nataka kulianzisha katika mji huu. Watu wa maneno ninao, watu wa ngoma ninao. Sina mtu wa sauti."

Jambo lenyewe lilikuwa tamasha. Pembeni ya mji, jirani na kiwanda cha mbao, kulikuwa na ghala kuukuu la pamba lenye uwanja mbele yake. Mwenye ghala hakuwa na kazi nalo, akawaachia walitumie mara moja kwa mwaka, wakati wa ukavu. Hapo mwalimu alijenga jukwaa la mbao na kulivika pazia lililoshonwa kwa mashuka. Hakuruhusu mtu mwingine alifungue. Alilifungua mwenyewe, polepole, uso umemwiva kwa furaha, na watu wakambatiza: Pazia. Kwenye tamasha hilo waliigiza, walicheza ngoma, walighani mashairi, wachoraji walitundika picha zao ukutani, na vikundi vilitoka miji ya mbali kwa malori, wakalala ghalani juu ya maturubai.

Moja Mbili ndiye aliyewafanya wasikike. Alijua kila pembe ya uwanja ule: pale sauti inapogonga bati na kurudi, pale upepo unapoinyakua na kuipeleka barabarani. Mashine za kiwanda cha mbao zilipokuwa zinaunguruma, yeye aligeuza spika, akashusha hiki, akapandisha kile, mpaka mshairi mwenye sauti ya kinanda kilichochoka asikike kama yuko sikioni mwako. Na mlangoni, akikata tiketi, alikuwapo mdogo wa kike wa Pazia, msusi mwenye kicheko kikubwa. Mwaka wa kwanza walisalimiana. Mwaka wa pili alimletea maji ya kunywa kwenye mitambo. Mwaka wa tatu Pazia akasimama kwenye harusi yao na kusema, "Shemeji, nimekupa spika kubwa kuliko zote ulizonazo. Hiyo haizimwi." Watu wakacheka, na bibi harusi akacheka kuliko wote, akawathibitishia.

Walijaliwa pacha, wasichana wawili. Tangu hapo mke akawa Mama Pacha na yeye Baba Pacha, ila nje ya nyumba alibaki kuwa Moja Mbili.

Maisha yalikwenda. Mwaka mzima alipiga mitambo kwenye harusi, mikutano na misiba. Wakati wa ukavu ukifika, alifunga vyombo vyake ghalani bila kuuliza atalipwa nini. Kilichopatikana waligawana. Na kilipatikana, kwa sababu kiwanda cha sabuni cha pale mjini kilikuwa kinalidhamini tamasha. Kilitaka kitu kimoja tu, mabango yake yatundikwe kila upande wa uwanja, na Pazia, ambaye hakuyapenda, aliyatundika.

Kisha kiwanda kikapata meneja mpya. Alikuja mwenyewe kwenye kikao cha kamati, kijana wa heshima, shati jeupe, mikono ya shati imepigwa pasi ikasimama. Alikataa kiti kizuri, akakaa kwenye benchi kama wao. Hapo ndipo Moja Mbili alipojua kwamba habari si njema.

"Wazee wangu," meneja alisema, "kiwanda hakijaichukia sanaa. Tumebadili mwelekeo tu. Tunaanzisha shindano la kuimba, litaonyeshwa kwenye runinga kila wiki. Sabuni yetu itaonekana nchi nzima. Hapa kwenu inaonekana na nani?"

Pazia alimtazama. "Inaonekana na waliokuja."

"Ndiyo, mzee," kijana akajibu kwa upole. "Ndicho ninachosema."

Hakuna aliyegombana naye. Walimpa mkono, wakamsindikiza hadi kwenye gari. Gari lilipoondoka, mama mmoja wa kwaya akaanza kulia, na Pazia akamkemea, "Unalia nini? Nani amekufa hapa? Tamasha lipo. Sisi tulianza na mashuka, hatukuanza na sabuni."

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga, na miezi iliyofuata Pazia alionyeshwa maana yake. Alikuwa amestaafu ualimu, mkewe alikwishafariki, na binti yake wa pekee aliolewa mji wa mbali. Tamasha ndilo alilokuwa nalo. Alivaa koti lake la mahafali, akabana kwapani bahasha yenye picha za miaka yote, akazunguka ofisi moja baada ya nyingine. Moja Mbili alimsindikiza siku moja. Waliketi mapokezi kwenye makochi laini yanayokumeza mpaka magoti yakafika kidevuni. Walikaa asubuhi nzima. Waliokuja nyuma yao waliingia na kutoka. Mwishowe katibu muhtasi, binti mwenye haya, akawasogelea na kuinama.

"Mzee, samahani sana. Bosi alishatoka kwa mlango wa nyuma. Sipendi mkae hapa mpaka jioni."

Pazia alimshukuru, akamtolea kadi ya mwaliko. "Karibu tamashani, binti yangu. Njoo na mwenzako."

Kwenye ngazi alisimama, ameshika chuma cha pembeni, anahema. "Shemeji," alisema, "zamani nilikuwa naomba mchango. Siku hizi naomba kuonwa tu, na hicho nacho nanyimwa."

Baada ya hapo akauza kiwanja chake. Kilikuwa kiwanja kidogo, alichonunua akiwa kijana ili aje ajenge akistaafu. Tayari kilikuwa na matofali na shimo la msingi lililoota nyasi. Mama Pacha alipopata habari alimpandia nyumbani kwake na kumfokea mpaka majirani wakatoka. "Kaka, utazeeka ndani ya nyumba ya nani? Ya tamasha?" Pazia alicheka. Alisema ana miguu miwili na tamasha halina, basi yeye ndiye alibebe.

Wakati huo huo kwa Moja Mbili maji yalikuwa yamezidi unga. Vijana wenye mitambo mipya, yenye taa za rangi na moshi, walikuwa wamechukua harusi zote. Yeye alibakiwa na misiba, na misiba haitozwi sana. Mke wake alisuka mpaka vidole vikakakamaa, lakini nywele peke yake hazikulea pacha waliokuwa karibu kumaliza sekondari. Muhula ule walirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, wakaja na mikoba yao mgongoni, wakaingia chumbani, wakalala kitandani mchana kweupe, nyuso ukutani. Moja Mbili aliwachungulia, akarudi uani. Alikaa na spika iliyoharibika mapajani bila kuitengeneza.

Simu ikaja wiki hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa lile shindano la runinga. Walikuwa wamesikia kwamba katika mji ule hakuna anayejua sauti kumzidi yeye. Walimtaka msimu mzima, pamoja na vyombo vyake.

"Vyote, mzee," yule mtu alisisitiza. "Ukumbi ni mkubwa. Na tunaanza siku hii." Akaitaja. Ilikuwa siku ya kufunguliwa kwa tamasha.

Jioni mke wake alikuwa anafagia nywele za wateja sebuleni. Moja Mbili alimweleza. Mama Pacha hakusimama, akaendelea kufagia.

"Umeshawajibu?"

"Bado."

"Wanataka jibu lini?"

"Kesho. Sema neno basi, Mama Pacha."

"Niseme neno gani?" Akaegemeza ufagio mlangoni. "Yule ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja. Na hao waliolala chumbani wakati wenzao wako darasani ni wanangu. Ukinichagulisha mimi, Baba Pacha, utakuwa umenionea. Wewe ndiye uliyepigiwa simu."

Hakuwa amesema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, asiyeweza kugeuza shingo.

Asubuhi Moja Mbili aliwajibu kwamba atakwenda. Kisha akatoka kwenda kumwambia Pazia. Alimkuta ghalani, amepanda juu ya ngazi, anapaka chokaa ukuta wa kutundikia picha, nywele nyeupe kwa chokaa juu ya mvi.

"Afadhali umekuja, shemeji! Nishikie ngazi, inayumba."

Moja Mbili akaishika. Pazia alipaka huku akimsimulia: kikundi kipi kimethibitisha, kipi kimekubali kuja bila nauli, mshairi gani ametunga utenzi mpya. "Na sauti sina wasiwasi," alisema kutoka juu. "Sauti ninaye hapa chini." Ukuta ulipokwisha alishuka, wakanawa, wakaagana. Moja Mbili alirudi nyumbani na lake tumboni.

Siku zikapita hivyo. Kila alipokwenda, Pazia alikuwa na kazi mkononi na furaha usoni, naye akaishia kumsaidia kazi. Ndipo akamwambia siku ambayo hakukuwa na siku nyingine tena, mkesha wa tamasha, mchana, wakiwa wamekaa kwenye ukingo wa jukwaa, katikati ya spika alizokwishazifunga. Aliyasema yote kwa mfululizo, bila kituo: simu, ada, pacha, ukumbi, vyombo vyote. Alipomaliza, mashine za kiwanda cha mbao zilikuwa zinakereza gogo. Pazia alisubiri zinyamaze.

"Spika utakuja kuzichukua saa ngapi?" aliuliza. "Nikufungulie lango."

Moja Mbili angependa atukanwe. Angepigwa hata kofi angelipokea. Lakini shemeji yake alifungua lango, akasaidia kusukuma mkokoteni mpaka barabarani, akasema, "Haya, safari njema," kwa sauti ambayo mtu humwambia mgeni. Moja Mbili alimwachia honi moja ya zamani ya kutangazia, ya kushika mkononi. Pazia aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru.

Yaliyotokea ghalani Moja Mbili hakuyaona. Alikuwa kwenye ukumbi wenye ubaridi wa mashine, amevaa fulana yenye picha ya sabuni, anawapandishia na kuwashushia sauti vijana waliokuwa wakiimba huku wanalia, maana waliambiwa kulia kunapendeza kwenye runinga. Aliifanya kazi yake vizuri. Hakujua kuifanya vibaya. Mke wake ndiye aliyekuwa ghalani, na ndiye aliyemsimulia, siku kadhaa baadaye, huku anachambua mchele, bila kumwangalia.

Watu walikuja, alisema. Si wengi kama zamani, lakini walikuja, na nguo zao nzuri. Pazia akafungua pazia, akaishika ile honi, akakaribisha. Honi ikatoa sauti ya bata. Watu wakacheka, naye akacheka nao, akaiweka chini, akasema kwa koo lake. Kwaya ilisikika kidogo. Ngoma zilisikika, ngoma haziombi umeme. Lakini mchezo wa kuigiza ulimezwa na misumeno ya jirani, na mshairi aliyetunga utenzi mpya alighani beti kadhaa, watu wa nyuma wakawa wanaulizana anasema nini, halafu wakaanza kuongea yao, halafu wakaanza kuondoka. Alikatisha utenzi, akainama, akashuka.

"Siku ya pili walikuja wachache," Mama Pacha alisema. "Kaka alikuwa ameshapoteza sauti kwa kupiga kelele. Siku ya tatu vikundi vikaanza kufunga mizigo. Siku ya mwisho hakukuwa na mtu."

"Akafunga mapema?"

"Hakufunga. Alipanda jukwaani kama ratiba ilivyosema. Akasoma hotuba ya kufunga. Sauti haikutoka, nilikuwa naona midomo tu. Nilikuwa nimekaa mimi peke yangu kwenye viti vyote vile." Akapuliza pumba kwenye ungo. "Alipomaliza nikapiga makofi. Ningefanya nini?"

Moja Mbili alitoka nje, akaanza kuanua nguo.

Pacha walirudi shuleni. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu ndilo alilolifanyia. Walirudi, wakafanya mitihani yao, na mmoja alifaulu vizuri hata akachaguliwa chuo cha uuguzi. Wa pili hakufaulu, akaanza kujifunza kusuka kwa mama yake.

Mwenye ghala, alipoona tamasha limedorora, alilipangisha kwa mfanyabiashara wa vigae. Jukwaa lilivunjwa na mbao zikarundikwa nje, zikanyeshewa. Pazia alikuwa amemaliza alichonacho. Mwenye nyumba wake alimvumilia, akachoka, akamwomba ahame. Mama Pacha hakuuliza ruhusa ya mtu. Alikwenda na mkokoteni ule ule wa spika, akapakia godoro la kaka yake, sanduku lake na zile picha, akamleta nyumbani. Wakamtandikia sebuleni.

Basi wakaishi nyumba moja, yeye na shemeji yake, na hawakuzungumza. Si kwamba walinuniana. "Shikamoo, mjomba," pacha walimwamkia, naye aliitikia, "Marahaba, wanangu," akawatania. Yeye na dada yake walibishana kutwa. Lakini Moja Mbili alipoingia, mazungumzo yalishuka kama mtu ameshusha kitufe. "Umeshindaje, shemeji?" "Vizuri, shemeji. Habari za kazi?" "Salama." Basi. Hapo ndipo yaliishia. Chakula walikula sahani moja, mikono miwili inapishana, kila mmoja akimwachia mwenzake nyama iliyonona, na hakuna aliyeila mpaka Mama Pacha aichukue kwa hasira na kuigawa.

Shindano la runinga nalo lilikwenda msimu mmoja. Kiwanda cha sabuni kikabadili mwelekeo tena. Sasa kilidhamini mbio za baiskeli. Mtu wa simu alimpigia Moja Mbili kumwambia asante, na kwamba wakimhitaji watamtafuta. Hawakumtafuta. Alirudisha vyombo vyake chumbani, akavifunika kwa turubai, na ilikuwa lazima apite sebuleni kuvipitisha. Pazia aliinua miguu ili mkokoteni upite.

Siku moja Moja Mbili alishindwa kuvumilia. Walikuwa wawili tu nyumbani, mvua inanyesha, hakuna pa kwenda.

"Shemeji," alisema, "nigombeze. Nimekukosea, niambie. Hivi tunavyoishi ni kama mtu anayetembea na mwiba kiatuni."

Pazia alifunga gazeti alilokuwa anasoma. "Nikugombeze kwa lipi? Ulikuwa na watoto hawako shuleni. Mimi ningekuwa wewe ningekwenda. Nimelipima hili huku na huku, na kila nikilipima unashinda wewe." Akaliweka gazeti mapajani. "Ungekuwa na makosa, shemeji, ningeshakusamehe zamani. Mwenye haki utamsamehe nini?"

Akafungua gazeti lake tena. Moja Mbili alikaa pale anasikiliza mvua juu ya bati, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisikiliza kitu bila kujua kinaumwa wapi.

Ukavu ulipofika tena, mji haukukumbuka. Hakukuwa na bango wala tangazo. Wiki ambayo zamani ingekuwa ya tamasha, Moja Mbili alikuwa amepata kibarua cha kutangaza mnada wa mitumba sokoni. Mlinzi wa ghala la vigae akaja anakimbia kumtafuta.

"Njoo huku, kuna watu wako."

Aliwakuta nje ya lango. Lilikuwa lori, na ndani yake kikundi cha ngoma kutoka mji wa mbali, wanaume na wanawake, wamefunikwa vumbi mpaka kwenye kope. Walikuwa wakija kila mwaka isipokuwa ule wa mwisho, ambao lori lao liliharibika njiani, na hakuna aliyewaambia kilichotokea. Kiongozi wao, mama mnene mwenye sauti nzito, alikuwa amesimama anatazama vigae vilivyopangwa pale jukwaa lilipokuwa.

"Moja Mbili!" alisema. "Jukwaa mmelihamishia wapi?"

Hapo alijua kwamba katika mji mzima hakuna wa kumjibu isipokuwa yeye. Akamweleza. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. Watu wake walianza kukaa chini, mmoja mmoja, kwenye kivuli cha lori.

"Na Pazia?"

"Yuko kwangu."

"Basi twende tukamsalimie. Hatuwezi kugeuza bila kumsalimia."

Aliacha mnada wa watu, akapanda mbele ya lori na kuwaelekeza njia. Nyumba ilijaa hadi uani. Mama Pacha aliazima masufuria kwa majirani huku analalamika kwamba hakuna aliyemwarifu, na analalamika kwa furaha. Pazia alipowaona alisimama, akavaa koti lake. Aliwashika mikono wote, mmoja baada ya mwingine, akauliza habari za waliobaki, akaambiwa wawili wamefariki. Hakuna aliyetoa hotuba. Hawakucheza pia; walikuwa wamechoka, na uani hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Dada mmoja aligusa tu ngozi ya ngoma kwa kiganja kuona kama imelegea njiani, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kuna nini. "Wageni," aliambiwa.

Walikula, walilala kwenye maturubai uani, na asubuhi lori likawashwa. Kiongozi alimuuliza Pazia kama mwakani waje. Pazia alimtazama Moja Mbili, kama vile zamani alivyomtazama kabla ya kufungua pazia, akingoja ishara kwamba sauti iko tayari. Moja Mbili akainamisha kichwa, ishara hakuitoa.

"Msije, mama yangu," Pazia alisema. "Msipoteze mafuta."

Lori lilipopinda kona, wakabaki wawili langoni.

"Ulifanya vizuri kuwaleta nyumbani," Pazia alisema. "Ningesikia wamegeuzia pale langoni ningekufa."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyomwambia kwa hiari yake tangu alipohamia. Moja Mbili akafunga lango, wakaingia ndani.

Kabla ya mvua, binti wa Pazia alikuja kumchukua baba yake akaishi naye. Mama Pacha alilia, pacha walilia, na Moja Mbili alibeba sanduku mpaka stendi. Walishikana mikono kwenye mlango wa basi, konda akawaharakisha. Hawakuonana tena. Pazia alifariki huko ugenini mwaka uliofuata, kwa homa ya mapafu, na taarifa ilipofika alikuwa ameshazikwa.

Moja Mbili bado yuko. Ameviuza vyombo vyake kwa wale vijana wa taa na moshi, wakaviweka nyuma ya duka kama akiba. Anatangaza minada sokoni, akiwa na maiki ya mwenye mali na spika ya mwenye mali. Ile spika inakwaruza, na mwenye mali hataki aifungue kuitazama.